Uliyaanika?

Ng'ombe wetu aliishi kati ya choo na jiko. Anayeijua Mabatini ya Mwanza hatashangaa. Ukiacha bonde la Mto Mirongo ukaanza kupanda mlima, nyumba zimekaa juu ya mawe, na njia ya mtu kupita ni ile tu iliyoachwa na mawe. Hapo ndipo mama alipojenga banda la mabanzi, sakafu ya saruji iliyoinama kidogo ili mkojo utiririke, hori la mbao, na juu bati tatu zilizokwisha kula kutu. Kanuni za kilimo cha mjini za mwaka 1992 zilimruhusu mkazi wa mjini ng'ombe wasiozidi wanne, tena wafungiwe ndani. Sisi tulikuwa na mmoja, na hata huyo mmoja alipojigeuza tulisikia ukuta wa chumba chetu ukilia.

Jina lake lilikuwa Sukari. Chotara, mweusi, mwenye baka jeupe kwenye paji la uso.

Watu wakisikia habari za ng'ombe wa mjini huuliza anatoa lita ngapi. Hakuna anayeuliza anakula kilo ngapi. Mimi naweza kukujibu, ndugu msomaji, maana shingo yangu ndiyo iliyokuwa mizani. Ng'ombe wa kilo 350 hivi anahitaji kama kilo 10 za chakula kikavu kwa siku. Majani ya tembo, haya ambayo wengine wanayaita mabingobingo, yakiwa mabichi sehemu kubwa yake ni maji. Kwa hiyo ili apate hizo kilo 10 inakubidi umletee 50 hadi 60. Kila siku. Krismasi anakula, Idi anakula, siku ya msiba anakula, siku ya mtihani wa taifa anakula. Mtoto wa darasa la sita akijitahidi sana anabeba 20. Piga hesabu mwenyewe.

Tulimpata mwaka 2007 kwa utaratibu wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe. Unapewa mtamba mwenye mimba, halafu ndama jike wa kwanza unamtoa kwa mwanakikundi mwingine, deni limekwisha. Ila kuna sharti: malisho yaonekane kwanza, ndipo ng'ombe aje. Mama hakuwa na hata shimo la mgomba. Akamwendea rafiki yake wa kwaya mwenye kiwanja Kishiri, nje ya mji, akaazimwa robo eka. Tukapanda majani ya tembo kwa mistari, na katikati ya mistari tukapanda desmodiamu, mmea unaotambaa chini kama marando ya viazi na kunata kwenye soksi. Mimi niliona tunapanda magugu makusudi. Bwana mifugo akaja, akahesabu mistari, akaandika, akasema sawa.

Baadaye nilielewa. Majani ya tembo yanamshibisha ng'ombe lakini hayamjengi, hasa yakikomaa. Protini yake inashuka na ng'ombe anabaki kutafuna miti. Desmodiamu ni jamii ya mikunde, kama kunde, karanga, fiwi na lusina. Jamii hii inalisha udongo kwa mizizi na inalisha ng'ombe kwa majani. Huko Mbita, ng'ambo ya ziwa hili hili letu upande wa Kenya, watafiti wa ICIPE tangu miaka ya 1990 wamekuwa wakiipanda katikati ya mahindi ili kumfukuza bungua na kuua kiduha, na pembeni ya shamba wanapanda majani ya tembo yanayomvuta huyo bungua atoke kwenye mahindi. Mkulima anavuna mahindi, na ng'ombe anavuna vyote viwili. Huko Embu nako walipima kaliandra pamoja na wafugaji wadogo: kilo 3 za majani yake mabichi zinafanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha dukani, na miti kama 500 iliyopandwa kwenye kingo na makinga maji inamtosha ng'ombe mmoja mwaka mzima.

Miti 500! Sisi tulikuwa na lusina kumi na moja, na nazo zilidumaa. Mwaka 1992 walionekana Kenya na Tanzania wadudu wadogo wanaofyonza machipukizi ya lusina, na mti uliosifiwa kama dawa ya kila kitu ukageuka fimbo. Hata ukiwa mzima hauna ruhusa ya kuulisha bila kipimo. Ukizidi theluthi ya mlo, ng'ombe anaweza kunyonyoka manyoya. Nasema haya kwa sababu nimesoma vipeperushi vingi vya malisho na vyote vinaandikwa kana kwamba mmea ni malaika. Hakuna mmea malaika. Kila mmoja una sharti lake, na sharti hilo lazima liwe kichwani mwa mtu anayebeba mzigo.

Mtu huyo kwetu alikuwa dada. Baba alikuwa kwenye mitumbwi, tukimwona mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wanapopumzika. Mama alikamua alfajiri na kuzungusha maziwa kwa wateja hadi saa nne. Mimi nilikuwa mdogo. Dada, kabla ya shule na baada ya shule, alikuwa barabara ya Kishiri na baiskeli ya kuazima, majani yamefungwa nyuma mapana kuliko barabara. Siku baiskeli ilipokosekana alijaribu daladala. Konda akamwangalia, akaangalia mzigo, akasema, "Mwambie ng'ombe wenu apande mwenyewe, nitamtoza nusu nauli." Abiria walicheka mpaka Igoma. Shuleni walimwita Punda wa Sukari. Mimi nililijua jina hilo, na siku nikiwa na wenzangu nilimpita kama simjui.

Tulipochelewa tulikata nyasi kando ya Mirongo, ambako ni karibu. Bibi alikuwa hapendi. Maji ya mto ule yamebeba uchafu wa mji mzima, na kwenye nyasi zake, miaka ile kabla ya marufuku ya Juni 2019, mifuko ya nailoni ilikuwa mingi kuliko majani. Ng'ombe hachagui kwa ulimi kama mbuzi. Anazoa.

Sasa nimtaje bibi, maana bila yeye habari hii haina kichwa.

Bibi mzaa mama alizaliwa Ukara, kisiwa kile kilichoko kaskazini ya Ukerewe, ambacho Watanzania wengi walikisikia kwa mara ya kwanza siku ya majonzi, Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipozama karibu na Bwisya. Wataalamu wa kilimo walikuwa wamekisikia zamani. Mwaka 1936 toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records lilikuwa na makala kuhusu kilimo cha Wakara, kwa sababu mambo waliyoyakuta Waingereza kule hawakuyatarajia. Ardhi kidogo, watu wengi, zaidi ya 200 katika kilometa moja ya mraba, na hakuna shamba linalopumzishwa. Ng'ombe hawatoki kwenda machungani. Wanakaa ndani, katika shimo lililochimbwa humo humo nyumbani, wanaletewa majani na kutandikiwa takataka, na samadi inapanda chini ya kwato zao mpaka siku ya kuitoa na kuibeba shambani kwa vikapu. Majani yenyewe yanalimwa. Walichimba mashimo kandokando ya ziwa, mpaka kwenye unyevu, wakapanda nyasi humo kama mtu anavyopanda mpunga. Miti ilikuwa na wenyewe, mmoja mmoja, na majani yake yalikatwa kwa ajili ya mifugo. Katikati ya uwele walipanda marejea, ambayo nayo ni jamii ya mikunde, si kwa ng'ombe bali kwa udongo, yanafukiwa mabichi. Njugu mawe zilikuwa na zamu yake pia.

Hakuna bwana shamba aliyewafundisha.

Nilipomsomea bibi habari hizi kutoka kwenye kitabu, nikidhani atafurahi, aliguna tu. "Wameandika habari za mashimo. Wameandika aliyekuwa anayapalilia?" Alikuwa yeye, na dada zake, na mama yake, wamesimama kwenye tope lenye ruba tangu jua halijatoka.

Kisha akanieleza jambo ambalo baadaye nililikuta kwenye maandishi ya wataalamu, wao wakilishangaa, yeye akiliona la kawaida kabisa. Katika miaka ya 1950 wazazi wake walivuka wakahamia bara, upande wa Sengerema. Wengi walivuka. Waliopanga habari za uhamaji walitumaini Wakara watafika na ujuzi wao, na majirani wataiga: ng'ombe ndani, samadi, nyasi za kupanda, marejea. Wakara wakafika, wakakuta pori halina mwisho. Baba yake bibi akafyeka, akapanda pamba na mihogo, akawafungulia ng'ombe waende zao. Mwaka wa pili hakuna aliyekumbuka kuchimba shimo.

"Kwa hiyo mlisahau?" nikamuuliza.

"Tusahau nini, mume wangu? Tulipumzika."

Baba mkubwa, ambaye ni Msukuma wa Magu, akija kutusalimia alikuwa akisimama mlangoni mwa banda na kutikisa kichwa. Kwao ng'ombe anakwenda kwa majani. Majani kumwendea ng'ombe aliona ni kumdekeza. Lakini hata Wasukuma hawakuacha kila kitu kwa Mungu. Wana ngitili, eneo la nyasi linalofungwa tangu masika ili lifunguliwe kiangazi kikali, na mradi wa HASHI ulipoanza Shinyanga mwaka 1986 ni ngitili hizo za wazee zilizofufuliwa. Ubishi wa bibi na baba mkubwa ungejaza gazeti. Mmoja anasema, mnawaua kwa kuwafunga. Mwingine anajibu, mnawaua kwa kuwatembeza. Mama, ambaye hakuwa na pori wala ziwa, alikuwa anaendelea kukatakata majani kwa panga juu ya gogo. Siku ya kwanza bibi alipofika Mabatini kuishi nasi, akaona Sukari amefungwa pale kati ya choo na jiko, alicheka mpaka akakaa chini. "Nimerudi Ukara," alisema, "na boti sijapanda."

Ni yeye aliyetufundisha habari ya kunde. Pale Kishiri mwenye kiwanja alipanda kunde kwenye sehemu yake, na alituruhusu kukata zile zilizozidi. Ng'ombe anazipenda kupita kiasi. Bibi akaweka amri: kunde hazilishwi siku ile ile. Zinaanikwa kwanza, zinyauke, halafu zinachanganywa na majani makavu, na ng'ombe awe ameshakula kitu kingine. Zikiwa changa na mbichi, hasa baada ya mvua, na ng'ombe ana njaa, zinachemka tumboni na kufanya povu. Hewa inanaswa ndani ya povu, ng'ombe anashindwa kubeua, tumbo linavimba mpaka linakandamiza mapafu. Desmodiamu haina hatari hiyo, ina tanini inayozuia povu. Bibi hakujua neno tanini, ila alijua kwamba ile ni salama na hii si salama. Kila jioni aliuliza akiwa kitandani, macho yake yakiwa yamekwisha kuingia ukungu: "Mume wangu, uliyaanika?"

Machi 2010. Kiangazi kifupi kilikuwa kimekausha robo eka yetu, na kwa wiki mbili Sukari alikuwa anakula mabua ya mahindi na pumba kidogo. Maziwa yalishuka kutoka lita tisa hadi nne. Dada alikuwa amechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni mkoa mwingine, na orodha ilikuwa imebandikwa ukutani: ada, godoro, sanduku, shuka mbili, jembe, nauli. Mama alikuwa anapigia mstari kitu kimoja kimoja kwa fedha ya maziwa. Halafu mvua ikanyesha siku tatu mfululizo na Kishiri ikawa kijani.

Alhamisi hiyo dada alikwenda kupimwa sare, zamu ikawa yangu. Kulikuwa na mechi kwenye uwanja wa shule, Mabatini na Mbugani. Nilichelewa. Nilifika Kishiri jua limeinama, mvua ya manyunyu, na kukata majani ya tembo ni kazi, lakini kunde unazing'oa tu kwa mikono. Nikajaza gunia. Nilifika nyumbani usiku unaingia. Sukari aliponisikia alilia. Nikamwaga gunia lote kwenye hori, majani yanatiririka maji.

Bibi akauliza kutoka ndani. Nikamjibu, "Ndiyo, bibi. Ni za jana."

Ilikuwa kama saa tatu dada alipoita. Ubavu wa kushoto wa Sukari ulikuwa umepanda juu ya mgongo, umekaza kama ngoma. Alikuwa anapiga tumbo lake mwenyewe kwa mguu, mate yanamtoka. Tulimtoa bibi nje kwa kumshika mkono. Alipapasa ubavu, akaugonga kwa vidole, akasikiliza. Akauliza tena, safari hii mbele ya wote. Uliyaanika? Nikasema ndiyo.

"Basi si kunde," akasema bibi. "Huyu amemeza nailoni. Nailoni haishuki kwa mafuta. Huyu ni wa kupasuliwa na mganga."

Kama angekuwa anajua, angefanya alichokifanya mara nyingi maishani mwake: nusu lita ya mafuta ya kula mdomoni, kijiti kipande kifungwe kinywani kama lijamu ili atafune na kubeua, miguu ya mbele isimame juu ya mwinuko. Mafuta yanavunja povu. Mlima tulikuwa nao, na chupa ya mafuta ilikuwa jikoni, hatua nne.

Mama akapiga simu kwa mtaalamu, ikaita bila kupokelewa. Akapiga tena. Saa tano alisema aitwe mchinjaji, jirani yetu wa nyuma, angalau nyama ipate bei. Bibi akasema subiri, ng'ombe huyu ana ndama, subiri kuche. Wakabishana kwa sauti ya chini, kama watu wanaobishana karibu na mgonjwa. Mimi nilikuwa nimekaa juu ya jiwe. Neno lilikuwa mdomoni. Ningeweza kulisema saa tatu, na saa nne, na saa tano. Saa sita Sukari alipiga magoti, akalala ubavu, akanyoosha shingo. Mchinjaji alifika na kisu dakika chache baadaye, akamgusa jicho. "Kibudu," akasema. Akafunga kisu chake kwenye kitambaa akarudi kulala.

Hatukupata hata kilo moja ya nyama. Tulilipa vijana wanne wakamburute.

Ndama, jike wa miezi mitano, wa pili kuzaliwa na kwa hiyo wa kwetu, aliuzwa Jumamosi iliyofuata. Dada alikwenda shule akiwa amechelewa wiki tatu, bila godoro. Banda mama aliligeuza stoo ya mkaa. Kishiri hatukurudi, yale majani ya tembo yaliendelea kuota yenyewe na mwenye kiwanja akawa anawauzia wengine kwa mafungu. Bibi alifariki mwaka 2014 akiamini ni nailoni. Aliisimulia kwa kila mgeni, mji unavyoua ng'ombe kwa mifuko. Nilimsikiliza akiisimulia, labda mara thelathini.

Dada sasa ni mwalimu wa shule ya msingi huko Misungwi. Ana nusu eka, ng'ombe wawili, na mtoto wa kiume ambaye umri wake ni ule niliokuwa nao mimi. Nilikwenda kumtembelea Desemba iliyopita. Majani ya tembo yako kwenye kingo, desmodiamu katikati ya mahindi, fiwi zimepanda uzio, na kwenye mpaka kuna gilirisidia za kukatia. Mashudu ya pamba ananunua gunia moja moja bei ikishuka. Nilimuuliza nani anakata. "Natumia mkokoteni," akasema, "na namlipa kijana. Mwanangu anakata Jumamosi tu, na ni mara moja." Alisema hivyo bila kuniangalia.

Jioni, tukiwa tunamenya mihogo, nikamwambia. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka kumi na tano na ilinichukua sentensi mbili.

Akaendelea kumenya.

"Nilijua," akasema. "Nilipokwenda kumtazama, hori lilikuwa na maji. Niliyatoa yale majani nikayatupa nyuma ya choo kabla sijawaita."

"Kwa nini hukusema?"

"Ungepigwa."

"Lakini bibi angempa mafuta."

Aliweka kisu chini. Nadhani hilo alikuwa hajalifikiria, au alikuwa amelifikiria kila siku. Uso wake sikuweza kuusoma. Alinyanyuka akaenda uani, na nilipomfuata nilimkuta amepiga magoti anageuzageuza majani ya fiwi yaliyotandazwa juu ya turubai, akiyasogeza mahali ambapo jua lilikuwa bado linafika. Nikapiga magoti upande wa pili wa turubai, nikaanza kugeuza.